Herekali wa Utendi wa Tambuka alikuwa nani?

Mwanafunzi anayesoma Utendi wa Tambuka kwa mara ya kwanza hukutana na Herekali, mfalme wa Rumi, na aghalabu hudhani kuwa Rumi hiyo ni Roma ya Italia. Sivyo. Makao ya Herekali yalikuwa Konstantinopoli, mji uitwao leo Istanbul. Wenyeji wake walisema Kigiriki lakini walijiita Warumi, nao Waarabu wakawaita hivyo hivyo. Jina la Bizanti walipewa na wanahistoria wa Ulaya baadaye, dola yenyewe ikiwa imekwisha kuanguka mwaka 1453.

Herekali alitawala toka 610 hadi 641. Hakurithi kiti. Katika dola ile hapakuwa na sheria thabiti ya urithi: mfalme alihitaji kukubaliwa na jeshi, baraza la wazee na watu wa mji mkuu, na aliyeungwa mkono na jeshi aliweza kumpindua aliyeko. Foka, ofisa wa cheo cha chini, alimwua mfalme Mauriki mwaka 602. Miaka minane baadaye Herekali alikuja na merikebu kutoka Karthago, Afrika ya Kaskazini, alikotawala baba yake, akamwua Foka. Mwaka 613 akamvika taji mwanawe mchanga ili kiti kisitoke nyumbani.

Utawala wa namna hii ulihitaji alama. Waajemi walipouteka Yerusalemu mwaka 614 waliuchukua msalaba ulioaminiwa kuwa wa Yesu. Herekali aliwashinda, akaurudisha mwenyewe. Msomaji wa Kigali ataelewa upesi, kwa kuwa katika Kinyarwanda neno ingoma ni ngoma na ni utawala pia, na Kalinga ilikuwa zaidi ya chombo cha kupigwa. Pate nako kulikuwa na siwa ya pembe za ndovu.

Sasa turudi kwa mtunzi. Mwengo bin Athumani alitunga mwaka 1728 kwa amri ya Fumo Laiti Nabhani wa Pate. Katika utendi Waislamu wanalipiza kisasi cha Jaafari, aliyeuawa Muta mwaka 629, kwa vita vikubwa. Katika historia, jeshi lilifika Tabuki mwaka 630 likarudi bila kupigana. Kushindwa kukubwa kwa Herekali kulikuja Yarmuki, 636. Mwalimu asiyatenganishe mambo haya kwa kumsahihisha Mwengo. Aulize kwa nini sultani wa Pate alitaka kisa hiki mwaka uleule Wareno waliporudi Mombasa. Jibu si jepesi, maana wakati huo Pate yenyewe ilikuwa imeshirikiana na Wareno dhidi ya Waomani.