Mafuta ya Mwani: Je, Yataua Michikichi?



Katika mazungumzo ya mishahara kwenye shamba moja la michikichi tuliambiwa tusidai nyongeza, kwa sababu eti mafuta ya mwani yako njiani na mawese hayatakuwa na soko. Wenzetu wengi wametuuliza maana yake. Tumeona tuwaeleze.

Ule utando wa kijani unaoota ndani ya matangi ya maji ni mwani, mimea midogo ambayo mmoja mmoja hauonekani kwa macho. Huishi kwa jua, mbolea na hewa ya kabonidayoksaidi, na aina nyingine hujiwekea mafuta mwilini. Hilo ni kweli.

Serikali ya Marekani ililifanyia utafiti jambo hili tangu mwaka 1978 hadi 1996. Huko Roswell, jimbo la New Mexico, yalichimbwa mabwawa ya kina kifupi, kila moja la mita za mraba 1,000, maji yakizungushwa kwa gurudumu la makasia. Wataalamu walipanda aina teule zilizochaguliwa maabara. Lakini bwawa liko wazi. Mwani wa porini huingia na upepo, ukaisonga ile aina iliyopandwa. Sisi tunaopalilia tunayajua magugu. Tena huko majini hakuna jembe.

Kwa hiyo wako watafiti wanaosema afadhali kulima aina nyingi pamoja tangu mwanzo, kama sisi tunavyochanganya mahindi na maharage. Moja hupenda joto, nyingine hustahimili baridi ya usiku. Wadudu wa majini wakiila moja, nyingine hubaki, na bwawa halifi lote.

Taabu ni kwamba mwani ulionona si ule unaokua upesi. Ukinyimwa nitrojeni huongeza mafuta, ila hudumaa, na katika mchanganyiko wepesi huwashinda wanono. Ndiyo maana wengine hawakamui tena. Huupika mwani wote na maji yake ndani ya chombo cha chuma, kwa joto la nyuzi 300 na zaidi na mkandamizo mkubwa, yakatoka mafuta ghafi. Ndugu zetu wa boila wanaelewa hatari ya kazi ya namna hiyo.

Halafu kuna maji. Hata bwawa likiwa na gramu 1 ya mwani mkavu kwa lita, ambayo ni nyingi, kupata kilo 1 lazima uchuje lita 1,000. Gharama imekaa hapo. Kampuni ya ExxonMobil iliingia katika kazi hii mwaka 2009 kwa matangazo makubwa. Mwaka 2023 ikajulikana kuwa imejitoa. Mafuta ya mwani bado hayajaweza kushindana na dizeli kwa bei.

Basi mkiambiwa tena mezani kwamba mwani unakuja, ulizeni bwawa liko wapi, linatoa mapipa mangapi, na pipa ni shilingi ngapi. Kisha endeleeni na madai yenu ya mshahara.