Ua wa nyuki wazuia ndovu Sagalla, lakini bila maua hausimami

Na MWANDISHI WETU

IKIWA umewahi kusafiri kwa gari la moshi kutoka Nairobi kwenda Mombasa pamoja na watoto, basi bila shaka unakumbuka kelele zinazozuka punde tu mnapoingia Tsavo. Kila mtoto hukimbilia dirishani akitaka kuwaona ndovu. Nao hawakosi, wakubwa, wekundu kwa vumbi la ardhi ile, wakitembea polepole na ndama wao. Abiria hutabasamu, picha hupigwa na safari huendelea.

Kwa mkulima wa Sagalla, karibu na mji wa Voi katika Kaunti ya Taita Taveta, ndovu akitajwa usiku hakuna anayetabasamu. Mashamba ya huko yanapakana na Mbuga ya Tsavo Mashariki, na eneo zima la Tsavo lina ndovu wengi kuliko mahali pengine popote nchini. Mahindi yaliyolimwa na kupaliliwa kwa miezi kadhaa huweza kumalizwa kwa usiku mmoja tu. Chakula cha nyumbani, karo ya shule na mbegu za msimu ujao huishia tumboni mwa mgeni asiyebisha hodi.

Kwa miaka mingi silaha ya mkulima ilikuwa kukesha, kupiga madebe na kuwasha moto. Lakini ndovu ni mnyama mwerevu. Akishajua kwamba debe halimdhuru, huendelea kula. Ua wa umeme nao ni ghali mno kwa mwenye ekari mbili tatu.

Msaada ulitoka kwa mdudu ambaye hata akitua kiganjani huwezi kuhisi uzito wake. Mdudu huyo ni nyuki.

Siri ya jitu

Wafugaji wa nyuki walijua tangu zamani kwamba ndovu hapendi mti wenye mzinga. Mwaka 2002 watafiti Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu jambo hilo. Waligundua kwamba miti iliyotundikwa mizinga haikuguswa na ndovu kama ile isiyokuwa nayo.

Yamkini msomaji utauliza, ngozi nene kama ile itaumwaje na nyuki? Ukweli ni kwamba nyuki hawahangaiki na mgongo. Huchoma kando ya macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga, mahali ambapo ngozi ni laini. Ndovu aliyeonja uchungu huo hausahau.

Mtafiti Lucy King aliendeleza kazi hiyo. Mwaka 2007 yeye na wenzake walionyesha kwamba ndovu hukimbia hata wanaposikia tu sauti ya nyuki waliokasirishwa, iliyonaswa na kuchezwa kwa kipaza sauti. Miaka mitatu baadaye walieleza kwamba ndovu hutoa mngurumo maalum wa kuwaonya wenzao.

Kutokana na elimu hiyo ukabuniwa ua wa nyuki. Nguzo husimamishwa kuzunguka shamba na kila baada ya mita 10 huning'inizwa mzinga, au ubao uliokatwa kwa umbo la mzinga ili kupunguza gharama. Yote huunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akisukuma waya gizani, mizinga huyumba, na wenye nyumba hutoka nje kuuliza ni nani anayewasumbua.

Baada ya majaribio kaskazini mwa Kenya, ua huo ulipelekwa Sagalla, ambako shirika la Save the Elephants lina kituo cha utafiti wa ndovu na nyuki. Wakulima wenyewe ndio walinzi wa mizinga. Huikagua, huitengeneza na huvuna asali.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, baada ya uchunguzi wa miaka tisa katika mashamba 26, yanatia moyo. Ndovu karibu 4,000 walihesabiwa wakikaribia mashamba hayo. Katika misimu mikuu ya mazao, hadi asilimia 86 kati yao waligeuka na kwenda zao. Aidha, wakulima waliuza tani moja ya asali.

Mwaka wa mizinga mitupu

Hata hivyo, habari hii ina upande mwingine, na huo ndio unaostahili kusomwa kwa makini zaidi.

Mwaka 2017 ukame mkali uliikumba nchi. Huko Sagalla majani yalikauka, vichaka vikabaki miiba na maua yakatoweka. Nyuki wetu wa Kiafrika hana subira na njaa. Chakula kikiisha hufunga safari na kuhama, kundi zima pamoja na malkia wao. Watafiti waligundua kwamba ukame huo ulipunguza mizinga yenye nyuki kwa asilimia 75, na pengo hilo lilidumu kwa miaka mitatu.

Hebu fikiria hali ya mkulima huyo. Nguzo zipo, waya upo, mizinga imening'inia, lakini ndani hamna mlinzi. Mvua ikirudi na mahindi yakaota, ndovu naye hurudi.

Kiswahili chetu kina neno moja, ua, kwa boma na kwa kitu kinachochanua mtini. Sagalla imethibitisha kwamba vitu hivyo viwili haviachani. Mwenye kutaka ua wa kumlinda sharti kwanza apande maua.

Ndiyo sababu kazi ya mfugaji wa nyuki katika nchi kame haiishii kwenye mzinga. Anapaswa kuwawekea nyuki maji, katika chombo chenye mawe madogo ya kutua ili wasizame. Anapaswa kuiwekea mizinga kivuli. Anapovuna, huwaachia nyuki akiba yao, maana asali ni chakula chao cha siku za dhiki. Zaidi ya yote, huitunza migunga na vichaka vya asili vinavyochanua hata wakati mimea ya shambani imekauka. Kila mti unaokatwa kuwa makaa hupunguza chakula cha walinzi wa shamba.

Mkulima akipanda alizeti, hupata mbegu za mafuta huku nyuki wakipata chavua.

Mshahara usioonekana

Watu wengi wakisikia nyuki hufikiria asali, na wengine mwiba. Lakini thamani kubwa ya mdudu huyu haimo katika chupa ya asali. Imo katika sahani ya chakula.

Mahindi huchavushwa na upepo, kwa hivyo hayamhitaji nyuki. Lakini tazama boga. Mboga huu huzaa maua ya kiume na ya kike yaliyo mbali mbali. La kike utalitambua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Bila mdudu wa kubeba chavua, ule ungaunga wa manjano, kutoka ua moja hadi jingine, kiboga hicho hunyauka na kuanguka. Tikiti maji ni vivyo hivyo. Mwaka 2016 jopo la wataalamu chini ya Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula ulimwenguni hutegemea wachavushaji kwa kiasi fulani.

Na si nyuki wa asali pekee. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, ambao wengi wetu huwafukuza kwa ufagio, ndio wachavushaji hodari wa matunda ya pasheni. Katika Bonde la Kerio, mtafiti Mkenya Dino Martins alionyesha jinsi nondo warukao jioni wanavyochavusha mipapai. Nao mbuyu, mti unaoipamba Tsavo, huchanua usiku na kutembelewa na popo.

Sisi wa mjini tufanyeje?

Huenda msomaji wa Umoja au Kawangware akasema hayo ni ya watu wa Voi. La hasha. Tikiti linalouzwa vipande vipande kituo cha basi lilianza na mdudu aliyetua juu ya ua.

Kuna mambo ambayo familia yoyote inaweza kufanya. Mrehani na alizeti huota hata katika mkebe kwenye roshani. Ukiwa na kishamba cha mboga, acha miche michache ya sukumawiki ichanue. Ikiwa ni lazima kunyunyiza dawa ya wadudu, usinyunyize mchana maua yakiwa wazi, bali jioni nyuki wakiwa wamerudi nyumbani. Na kundi la nyuki likitua shuleni au plotini, msikimbilie mafuta ya taa na kiberiti. Waondoeni watoto, kisha mwite mfugaji ajuaye kuwahamisha.

Wanafunzi nao wana nafasi yao. Vilabu vya wanyamapori vimekuwa katika shule zetu tangu mwaka 1968. Mwanachama anayeweza kutaja uzito wa ndovu hana budi pia kujua ni mdudu gani anayetembelea maua ya ua wa shule yake, na saa ngapi.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Wakulima wa Sagalla walimfuata, wakapata asali na shamba likapona. Mwaka wa ukame uliwafunza kwamba nyuki naye hufuata maua, na yasipokuwapo huenda zake bila kuaga. Safari nyingine ukipita Tsavo na watoto wakapiga kelele dirishani, waonyeshe ndovu. Kisha waulize kama ile migunga iliyo nyuma yake imechanua.