Kipande Kidogo cha Ngozi Kinavyobainisha Upara Unaoacha Kovu

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wanaoona nywele zikipungua utosini, hususan wanawake, wanashauriwa kufika mapema katika vituo vya kutolea huduma za afya ili wachunguzwe, kwa kuwa si kila upara unatokana na umri au mtindo wa kusuka. Upo upara unaoacha kovu, na nywele zilizopotea kwa njia hiyo kwa kawaida hazioti tena.

Unywele huota ndani ya kifuko kidogo kilichozama kwenye ngozi. Katika aina nyingi za kunyonyoka nywele, kama ile inayompata mama baada ya kujifungua au mtu aliyepona homa kali, kifuko hicho hubaki kizima na nywele hurejea baada ya miezi kadhaa. Katika upara unaoacha kovu, chembe nyeupe za damu hukizunguka kifuko na kushambulia sehemu yake ya juu, mahali zilipo seli shina zinazouwezesha unywele kuota upya. Seli hizo zikifa, nafasi ya kifuko huchukuliwa na nyuzi za kovu. Ndiyo maana tiba hulenga kuuzuia ugonjwa usisonge mbele, na kila mwezi unaopita bila uchunguzi una gharama yake.

Aina inayowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika huanza utosini na kusambaa taratibu kuelekea pembeni. Mwaka 1968 watafiti nchini Marekani waliihusisha na kitana cha moto kilichotumika kunyoosha nywele. Baadaye ilibainika kuwa hata wanawake ambao hawakuwahi kukitumia waliugua, na mwaka 2019 utafiti ulionesha kuwa baadhi ya wagonjwa wana hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na uundaji wa unywele. Hivyo, mwanamke mwenye tatizo hili hastahili kulaumiwa kuwa amejiharibu mwenyewe, ingawa kusuka kwa kukaza na dawa kali za nywele vinaweza kuongeza madhara.

Ugumu wa ugonjwa huu ni kwamba kwa macho hufanana na mengine. Lupasi ya ngozi, laikeni ya nywele na magonjwa ya usaha kichwani yote huweza kuacha upara unaong'aa, lakini tiba zake hazifanani. Lupasi, kwa mfano, huweza kugusa viungo vingine vya mwili, wakati magonjwa ya usaha mara nyingi huhitaji dawa za kuua bakteria. Hapo ndipo daktari huomba kuchukua kipimo ambacho wengi hukiita "kukata kinyama".

Jina hilo huwatia watu hofu, kwani wengi hulihusisha na saratani. Katika upara, kipimo hiki hufanyika ili kuujua ugonjwa uliopo, wala si dalili kwamba mgonjwa ana saratani. Daktari huchoma sindano ya ganzi, kisha kwa kifaa cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 4 huchukua kipande cha ngozi hadi kufikia tabaka la mafuta. Jeraha hushonwa kwa uzi mmoja au miwili na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Mahali pa kukata ndipo penye uamuzi mkubwa. Katikati ya upara wa siku nyingi hakuna kinachobaki isipokuwa kovu, na makovu ya mwisho ya magonjwa yote hufanana. Kwa hiyo daktari huchagua ukingo ambao ugonjwa bado uko hai, penye nywele chache, wekundu au weusi usio wa kawaida, magamba au maumivu. Hufuata pia mwelekeo wa nywele, kwa kuwa vifuko vya nywele za Kiafrika hupinda ndani ya ngozi na kukata vibaya huweza kuviharibu.

Inapowezekana huchukuliwa vipande viwili. Maabara hukata kimoja kwa wima ili kuona tabaka za ngozi, na kingine kwa ulalo ili vifuko vyote vihesabiwe kwa pamoja. Kwa kutumia hadubini, mtaalamu wa patholojia huangalia ni aina gani ya chembe nyeupe zimekizunguka kifuko, kama tezi za mafuta zimetoweka, na kama nyuzi za kovu zimejipanga kuuzunguka unywele. Huweza pia kuongeza rangi maalumu inayoonesha fangasi. Endapo lupasi inashukiwa, kipande kingine huweza kupimwa kwa mwanga wa fluresensi. Hicho hakitiwi katika formalini kama vingine, bali huhifadhiwa katika kimiminika maalumu.

Hesabu hiyo huhitaji uangalifu. Kwa kawaida ngozi ya kichwa ya mtu mwenye asili ya Afrika ina vifuko vichache kuliko ya Mzungu, hivyo kutumia kigezo cha Wazungu kunaweza kumfanya mtu mzima aonekane mgonjwa. Pamoja na hayo, majibu ya maabara hayajitoshelezi. Husomwa sambamba na historia ya mgonjwa na alichokiona daktari.

Nchini Tanzania, wataalamu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika hupata mafunzo katika kituo cha kikanda kilichopo KCMC, mjini Moshi. Mwananchi anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu naye na kuomba rufaa.

Anayekwenda kuchunguzwa avue wigi au afumue nywele, asinyoe kichwa, na amweleze daktari dawa zote anazotumia, zikiwemo za kupaka na zile zinazozuia damu kuganda. Kwa watoto, mabaka kichwani mara nyingi ni mapunye, ambayo hupimwa kwa kukwangua magamba na hutibiwa kwa dawa za kumeza. Yakiachwa hadi yavimbe na kutoa usaha, nayo huweza kuacha kovu.

Wasusi nao wana nafasi, kwani mara nyingi ndio wa kwanza kuuona utosi wa mteja. Anayeona upara unaong'aa, au kusikia mteja akilalamikia kuungua na kuwashwa, amshauri aende hospitali kabla ya kumsuka tena.