Tabibu wa Watu na Tabibu wa Wanyama Wasome Pamoja

Mtu atokaye kisiwani Mombasa akaenda bara, iwe kwa kivuko cha Likoni, kwa daraja la Nyali hadi Kisauni, au kwa njia ya Makupa hadi Changamwe, hatembei mbali kabla ya kuona mbuzi. Wakazi wengi wa sehemu hizo hufuga mbuzi na kuku, na wengine ng'ombe wa maziwa, katikati ya nyumba zao. Zizi na jiko ni majirani. Mbwa hulala barazani, na watoto hucheza na wana-mbuzi. Ujirani huo una baraka zake, maana humpa mtoto maziwa na mzazi ada ya shule. Lakini una hatari zake pia, na hatari hizo haziwezi kuondolewa na mtaalamu wa namna moja peke yake.

Na tuchukue mfano. Mtu wa Kisauni ashikwa na homa. Leo yapanda, kesho yashuka. Usiku hutokwa na jasho jingi, na viungo vyamuuma kama vya mzee. Kwa kuwa yuko pwani, kila mtu asema ni malaria, naye ameza dawa ya malaria. Homa yarudi. Wakati huohuo, nyumba ya tatu kutoka kwake, mbuzi ametupa mimba, na mganga wa mifugo ameitwa. Tabibu wa zahanati hana habari za mbuzi, wala mganga wa mifugo hana habari za homa. Kumbe ugonjwa ni mmoja! Huo ni brusela, ambao mtu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, au kwa kushika kwa mikono mitupu mimba iliyotoka na kondo lake. Dawa zake zipo, lakini humezwa kwa muda wa wiki 6 au zaidi. Na anayetibiwa malaria hawezi kupona brusela.

Kukosa huku kuonana si jambo la Mombasa tu, wala si jambo jipya. Mwaka 1887 Daktari David Bruce, yuleyule aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza malale, aligundua katika kisiwa cha Malta viini vya homa iliyokuwa ikiwaua askari. Ilipita miaka 18, hata mwaka 1905, ndipo Daktari Themistocles Zammit alipoonyesha kwamba homa hiyo ilitoka katika maziwa ya mbuzi. Na huko Denmark, mwaka 1897, Bernhard Bang, tabibu aliyefundisha katika chuo cha waganga wa wanyama, aligundua viini viwafanyavyo ng'ombe kutupa mimba. Ilipofika mwaka 1918, Bibi Alice Evans wa Marekani alionyesha kwamba viini vya Bruce na viini vya Bang ni ndugu. Kwa miaka 21 ndugu hao walikaa katika vitabu viwili, kimoja cha matabibu na kimoja cha waganga wa wanyama, na hapakuwa na aliyevifungua vyote viwili pamoja.

Kenya nayo ina mfano wake, tena mwema. Mwaka 1930 kondoo walikufa kwa wingi karibu na ziwa Naivasha, na watu waliowashika wakapatwa na homa. Waliochunguza jambo hilo walikuwa waganga wa mifugo wawili, Daubney na Hudson, pamoja na tabibu wa watu, Garnham. Mwaka 1931 watatu hao walitangaza kwa pamoja ugonjwa mpya, ambao sasa dunia nzima huuita Homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huo ulipozuka tena mwishoni mwa mwaka 2006, ukianzia upande wa Garissa, watu zaidi ya 150 walikufa katika Kenya. Mwaka 2011 wizara zinazohusika na afya na mifugo zilikubaliana kuwa na ofisi moja, ambamo tabibu na mganga wa mifugo wangekaa pamoja kuyaangalia maradhi ya namna hiyo.

Basi kama wakubwa wamekubali kukaa meza moja, je, yafaa wanafunzi wakae mbalimbali? Mafunzo ya uganga wa mifugo yalianza Kabete mwaka 1962, na shule ya udaktari ikafunguliwa Nairobi mwaka 1967. Ni rahisi kijana wa huku na kijana wa kule wamalize masomo yao bila kujuana. Lakini katika miaka ya 1870, huko Montreal katika Kanada, Daktari William Osler aliwafundisha wanafunzi wa udaktari pamoja na wale wa uganga wa wanyama. Na mwaka 2010 vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki na ya Kati, miongoni mwao Nairobi, Moi, Makerere, Muhimbili na Sokoine, viliunda umoja ulioitwa OHCEA, na baadaye AFROHUN. Umoja huo ulipeleka wanafunzi wa masomo mbalimbali vijijini wakiwa kundi moja, wachunguze pamoja afya ya watu, ya wanyama na ya mahali wanapokaa.

Wako wasemao kwamba masomo ya udaktari ni mazito tayari, na kuyaongeza ni kumtwisha punda mzigo asioweza. Neno hilo lina haki yake. Lakini hatakiwi tabibu ajue kumzalisha ng'ombe, wala mganga wa mifugo ajue kumpasua mtu. Linalotakiwa ni kwamba kila mmoja ajue swali la kuuliza, na ajue mtu wa kumpelekea jibu. Mtoto wa Likoni akiumwa na mbwa, tabibu atamchanja. Lakini mbwa yule akiachwa bila kutafutwa, kesho atauma watoto wengine. Zaidi ya watu 9 katika kila 10 wafao kwa kichaa cha mbwa hupata ugonjwa huo kwa mbwa, na mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Kwa hiyo sindano ya mganga wa mifugo huokoa watu.

Hospitali kuu ya Pwani, iliyoko kisiwani, hufundisha matabibu; na Mariakani, kando ya barabara ipitayo Changamwe kwenda Nairobi, iko maabara ya mifugo. Barabara ni moja. Wanafunzi wa pande mbili wakikutanishwa hata kwa wiki chache, wakaifuata homa moja kutoka kitandani hadi zizini, hawatasahau.

Wakati huo kila mwenye nyumba ana kazi yake. Achemshe maziwa, ampeleke mbwa kuchanjwa, jeraha la meno ya mbwa alioshe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali upesi. Na akienda kwa tabibu na homa isiyokoma, asingoje kuulizwa, bali aseme mwenyewe, “Bwana Daktari, nyumbani nafuga mbuzi.” Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.