Ndugu Wawili Kwenye Roshani

Mabanda ya video ya uswahilini yana kanuni ambayo haijaandikwa popote: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwishoni atainuka na kudai chake. Desemba 12, 2004, kituo cha HBO cha Marekani kilirusha sehemu ya 11 ya msimu wa tatu wa tamthilia ya The Wire, na kanuni hiyo ikavunjwa mchana kweupe. Stringer Bell, aliyekuwa na akili kuliko wauza unga wote wa Baltimore, aliuawa kwa risasi ndani ya jengo lake mwenyewe ambalo lilikuwa bado halijaisha. Msimu ulikuwa umebakiza sehemu moja tu.

(Ambaye hajaitazama na hapendi kuharibiwa utamu, aishie hapa kwanza.)

Aliyeigiza kama Stringer ni Idris Elba, yule yule aliyekuja kuwa Mandela kwenye filamu ya 2013, na ambaye mwaka 2024 ilitangazwa kwamba ametengewa karibu hekta 80 za ardhi Zanzibar ajenge studio ya filamu. Wakati ule hakuwa na jina kubwa. Ni mtoto wa London, baba yake wa Sierra Leone na mama yake wa Ghana, na alipokwenda kwenye usaili ilimbidi aifiche lafudhi yake ili waandaaji wamdhanie Mmarekani. Aliificha vizuri kiasi kwamba hadi leo wapo wanaoshangaa wakimsikia akiongea kwa sauti yake halisi.

Sehemu hiyo inaitwa Middle Ground, yaani mahali pa katikati, na mahali pa katikati ndipo Stringer aliposimama. Yeye na Avon Barksdale, aliyeigizwa na Wood Harris, walikua pamoja mtaani na pamoja wakaliongoza kundi lililotawala biashara ya unga Baltimore Magharibi. Avon ni mtu wa kona: kona zake ni heshima yake, na anayezigusa atamwaga damu. Stringer ni mtu wa hesabu. Alisoma uchumi chuoni, akaendesha duka la kudurufu karatasi, akawaweka wauza unga kwenye vikao vyenye mwenyekiti na taratibu za kuomba kuzungumza. Kuna kikao kimoja ambacho kijana wake anaandika kumbukumbu kwa bidii kama katibu wa chama cha ushirika, na Stringer anamvamia kwa hasira: mtu mwenye akili timamu anaandikaje kumbukumbu za njama ya uhalifu? Kichekesho hicho kinamweleza Stringer kuliko hotuba yoyote. Alitaka utaratibu wa ofisini kwenye kazi ambayo haiwezi kuwa na faili.

Ndoto yake ilikuwa kutoka kijiweni na kuwa mwekezaji wa majengo. Mshika mbili moja humponyoka. Stringer zilimponyoka zote. Kijiweni hakuna aliyethubutu kumla hela. Aliyemla alikuwa seneta wa jimbo, Clay Davis, mwenye tai na tabasamu, aliyepokea mabunda ya dola kwa ahadi ya vibali na fedha za serikali ambazo hazikufika. Stringer alipogundua kwamba ametapeliwa, alitaka seneta auawe. Ilibidi wahuni wenzake wamweleze kwamba seneta hauawi kama teja wa mtaani. Kwa wauaji alionekana mfanyabiashara, na kwa wafanyabiashara alionekana mshamba mwenye pesa.

Lakini kinachoifanya sehemu hii ikumbukwe miaka zaidi ya 20 baadaye si risasi. Ni mazungumzo ya usiku kwenye roshani.

Kabla ya roshani, kila mmoja ameshamuuza mwenzake. Stringer amekutana makaburini na Meja Colvin wa polisi na kumpa anwani ya nyumba ambamo Avon amejificha na watu wake na silaha zao. Avon naye ametembelewa na Brother Mouzone, muuaji wa New York mwenye miwani, suti na tai ndogo ya kipepeo, anayezungumza kwa adabu kama mwalimu wa chuo. Mouzone anamdai Stringer. Zamani Stringer alimdanganya Omar Little, jambazi anayewapora wauza unga, kwamba Mouzone ndiye aliyemtesa na kumuua mpenzi wake, na Omar akampiga Mouzone risasi. Sasa wawili hao wamelinganisha hesabu na kugundua ni nani aliyewachonganisha. Avon akikataa kumtoa Stringer, njia yake ya mzigo kutoka New York inakatika. Na moyoni ana donda jingine: Stringer ndiye aliyeamuru mpwa wake, D'Angelo, anyongwe gerezani ionekane kama kajinyonga.

Basi wanakutana kwenye nyumba ya Avon ya ghorofani. Chini yao maji ya bandari ya Baltimore yanameremeta kwa taa. Wanakunywa. Wanakumbuka utoto wao, siku walipoiba dukani na Stringer akatoka na vifaa vya kuchezea badmintoni, mtoto ambaye kwao hapakuwa hata na uwanja wa kufunga wavu. Wanacheka kama watu wanaopendana, na ni kweli wanapendana. Kisha Avon, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, anamuuliza kesho ana ratiba gani. Stringer anamtajia kikao chake cha mjengoni. Wanakumbatiana.

Mtazamaji anajua yote na wao kila mmoja anajua nusu. Mwongozaji Joe Chappelle hakuweka muziki wa kututisha wala kamera ya mbwembwe. Aliwaacha waigizaji wawili na ukimya wao. Siku ya pili Omar na Mouzone wanaingia mjengoni. Stringer anapanda ngazi mbio, anakutana na bunduki mbele na nyuma, anajaribu kutoa pesa. Anajibiwa kwamba suala si pesa, na kwamba rafiki yake ndiye aliyemtoa. Hapo anaacha kubembeleza.

Elba mwenyewe ameeleza kwenye mahojiano kwamba hakuridhishwa na kifo hicho. Rasimu ya kwanza ilimtaka Omar aikojolee maiti. Elba akaja juu, akasema hafanyi, na kipande hicho kikaondolewa. Alikuwa sahihi. Dhihaka ile ingeugeuza msiba kuwa kioja.

Aliyeandika sehemu hii ni George Pelecanos, mtunzi wa riwaya za uhalifu kutoka Washington, akishirikiana kwenye kisa na David Simon, mtunzi wa tamthilia yenyewe. Pelecanos ndiye aliyepewa sehemu ya kabla ya mwisho katika misimu yote mitano ya The Wire. Hapo ndipo anapouawa Wallace, yule kijana mdogo wa msimu wa kwanza. Hapo ndipo Frank Sobotka wa bandarini anapotembea peke yake kuelekea mwisho wake. Sehemu ya mwisho huachiwa kazi ya kuanua matanga: nani kafungwa, nani karithi kona, nani analia. Katika matanga ya Stringer, polisi wanavamia nyumba aliyoitaja makaburini. Mpelelezi McNulty, aliyemwinda Stringer misimu mitatu na kuinasa sauti yake kwenye simu akiwa amechelewa, anamwonyesha Avon hati ya upekuzi. Aliyetoa taarifa ameandikwa kwa jina: Stringer Bell. Marehemu alikuwa bado anamalizia kumuuza nduguye.

Hadithi hizi hazikuokotwa hewani. Simon alikuwa mwandishi wa habari za polisi wa gazeti la Baltimore Sun, na mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa polisi jijini humo kwa miaka 20 kabla ya kuwa mwalimu. Miaka ya 1980 Burns alishiriki upelelezi wa kunasa simu uliomfikisha gerezani mfanyabiashara mkubwa wa heroini, Melvin Williams, na mwaka 1987 Simon akaandika mfululizo wa makala kumhusu. Williams alipotoka kifungoni waliuzika uhasama na kumpa nafasi kwenye tamthilia. Msimu huo huo wa tatu, ukimwona mzee wa kanisa mwenye busara anayemshauri mtu ajirekebishe, ndiye huyo, aliyekamatwa na mmoja wa watunzi na kuandikwa na mwingine.

Pamoja na sifa zote hizo, The Wire haikuwahi kupata tuzo hata moja ya Emmy. Iliteuliwa mara mbili tu, zote kwa uandishi, na mara ya kwanza ilikuwa kwa Middle Ground. Watazamaji wake walikuwa wachache kiasi kwamba baada ya msimu wa tatu ilinusurika kufutwa, na msimu wa nne ukasubiriwa hadi Septemba 2006.

Kwenye intaneti kipande cha roshani kinapatikana peke yake, dakika chache tu. Usianze nacho. Bila miaka ya urafiki nyuma yake, utaona wanaume wawili wanakunywa na kupiga soga. Zipo sehemu 35 kabla ya hiyo, na ukizifuata zote, swali la Avon kuhusu ratiba ya kesho litakukausha koo.