Kitaa cha swichi chamrudisha mteja dukani

Wafanyabiashara wanaoagiza swichi za ukutani zinazoendeshwa kwa simu wanashauriwa kuuliza jambo moja kabla ya kulipia mzigo: je, kile kitaa cha buluu kilicho usoni mwa swichi kinazimika? Kwa mwagizaji ni jambo dogo. Kwa mteja aliyefunga swichi tatu katika chumba cha kulala, ndilo linalomrudisha dukani akiwa na boksi mkononi.

Hasara yake si bei ya swichi peke yake. Boksi limekwisha chanwa, skrubu zimepungua na uso una alama za bisibisi. Haiuziki tena kama mpya, na aliyekuuzia Guangzhou hapokei kimoja kimoja.

Zamani vitaa hivi vilikuwa vyekundu, vya kijani au vya rangi ya chungwa, na hakuna aliyelalamika sana. Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia ya Japani alionyesha dayodi ya buluu yenye mwanga mkali, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Viwanda vikaipenda buluu kwa kuwa inaonekana ya kisasa. Kwa bahati mbaya, mwanga wa buluu ndio unaozuia zaidi melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala.

Swichi nyingi zinazotumia mfumo wa Tuya, hata zikiwa na majina tofauti kwenye boksi, hupangwa kwa programu ya simu iitwayo Smart Life. Katika mipangilio ya swichi hutokea kipengele cha kitaa: kizimike kabisa, kiwake taa ikiwa inawaka, au kiwake taa ikiwa imezimwa ili mtu aione swichi gizani. Hata hivyo si kila toleo lina kipengele hicho, na matoleo mawili yanayofanana kwa sura yanaweza kutofautiana ndani. Picha ya tangazo haitakusaidia. Mtake muuzaji akutumie picha ya mipangilio yenyewe.

Mteja akiambiwa kwamba kuzima kitaa kutapunguza matumizi ya LUKU, anadanganywa. Kitaa cha wati 0.05 kikiwaka mwaka mzima hakifikishi nusu yuniti. Redio iliyo ndani ya swichi, inayosubiri amri usiku na mchana, ndiyo inayokula zaidi.

Lipo pia lalamiko jingine ambalo wauzaji hulichanganya na hili. Katika nyumba zetu nyingi, zilizofungwa umeme kwa mtindo wa Kiingereza, waya wa nyutro huishia darini na haufiki kwenye boksi la swichi. Swichi isiyohitaji nyutro hujilisha kwa kupitisha umeme kidogo kwenye balbu hata ikiwa imezimwa. Balbu ya LED ya wati chache huweza kumetameta au kubaki na mwanga hafifu usiku kucha. Hapo kuzima kitaa hakuponyi kitu. Dawa ni kapasita inayofungwa sambamba na balbu, na swichi nyingi za aina hiyo huja nayo ndani ya boksi. Mafundi wengine huitupa wakidhani ni kipuri cha ziada! Muuzaji amwonyeshe mteja kapasita hiyo kabla hajaondoka, kwani nusu ya ugomvi huishia hapo.

Kwa oda ya kwanza, vipande viwili vya sampuli vinatosha. Fundi avifunge kwenye boksi lisilo na nyutro, kisha vikae usiku mmoja taa zikiwa zimezimwa na kitaa kimezimwa kwa simu. Halafu ukate umeme na kuurudisha, uone kama mpangilio umebaki. Kwa umeme wetu unaokatika, kipimo hicho kisirukwe.

Aliye na mzigo usiozimika tayari auelekeze kwenye korido, ngazi na vyoo, ambako mteja anautaka mwanga huo.