Wana cheti cha uraia, bado wanaimba kwamba hapa si kwao

Mwalimu wa kwaya ninayemwandika hapa aliomba nisimtaje jina. Si kwa woga, alisema. Jina lake limeshaandikwa kwenye karatasi nyingi mno maishani mwake, na si zote zilizomletea heri. Basi tumwite Mwalimu, kama anavyoitwa na kila mtu wa barabara yake pale Ulyankulu, hata na wale ambao hawajawahi kuimba.

Nilikuwa nimekwenda huko, mkoani Tabora, kwa habari ya masoko ya tumbaku. Jioni moja nikipita nyuma ya kanisa nikasikia watu wakifanya mazoezi. Sauti zilikuwa nzuri, lakini kilichonisimamisha ni maneno. Walikuwa wakiimba kwamba dunia hii si makao yao, kwamba wao ni wasafiri na kwao kuko mbele. Nyimbo za namna hiyo zimejaa kila kanisa nchini na hakuna anayezishangaa. Lakini hawa? Hawa walisubiri miaka 42 kuambiwa kwamba hapa ni kwao. Wameambiwa, na cheti wamepewa. Sasa wanasafiri kwenda wapi tena?

Historia yenyewe inajulikana. Mauaji ya Burundi yalianza mwishoni mwa Aprili 1972, na miongoni mwa Wahutu, waliosoma ndio waliotafutwa kwanza: walimu, wanafunzi, makarani, wahubiri. Makumi ya maelfu wakavuka kuja Tanzania. Serikali, UNHCR na TCRS, lile shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, wakafungua makazi katikati ya miombo na mbung'o: Ulyankulu, kisha Katumba, baadaye Mishamo. Barabara zilizopasuliwa porini zikapewa namba badala ya majina, na namba mojawapo ikaja kujulikana Afrika Mashariki nzima kwa kanda za Kwaya ya Barabara ya 13. Mwalimu si wa kwaya hiyo, na hupenda hilo lieleweke mapema. Anaiheshimu sana. Ila amechoka kuulizwa.

Alivuka Ziwa Tanganyika akiwa na umri wa miaka tisa hivi, kwa mtumbwi, usiku, akitokea upande wa Nyanza-Lac. Mama yake alikuwa amewakataza watoto kutoa sauti yoyote, hata kikohozi. Siku kadhaa baadaye wakapakiwa kwenye treni kutoka Kigoma kwenda Tabora, na humo ndani ya behewa kina mama wakaanza kuimba taratibu nyimbo za kanisani kwa Kirundi. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea mlango akaingiza sauti ya chini. Mwalimu anasema hakuwa amewahi kusikia besi karibu hivyo. Aliisikia mgongoni kabla ya kuisikia masikioni. Hakumjua mzee yule wala hakumwona tena. Maisha yake yote amekuwa akitafuta besi.

Kitabu cha kwaya ni kaunta buku lenye jalada gumu lililoshonwa upya kwa uzi wa magunia. Ni la tatu. Mawili ya kwanza yaliliwa na mchwa, akayanakili kwa mkono, usiku, kwa koroboi. Ukilifungua kwa mbele unakuta nyimbo zimeandikwa kwa nota za solfa: d, r, m, f, s, l, t, mistari minne iliyopangwa wima, mmoja kwa kila sauti, na maneno chini yake. Nukta mbili hutenganisha mapigo, kistari hushikilia sauti isikatike. Mwandiko ni mdogo na umelala kidogo upande wa kulia, wa mtu aliyefundishwa kuandika na walimu wakali. Hakuna aya hata moja ya maelezo. Anayejua atasoma, asiyejua akae pembeni asikilize.

Nilimuuliza do aliipata wapi enzi hizo, kwa kuwa kinanda hawakuwa nacho hadi miaka ya karibuni. Akacheka. Kanisa lilikuwa na kengele ya kipande cha reli, kilichoning'inizwa kwa mnyororo kwenye mwembe na kugongwa kwa nati kubwa. Siku moja akiwa kijana akagundua kwamba mlio wa reli ile haubadiliki, mvua inyeshe au jua liwake, na kwamba akiuita mlio huo la, basi anaweza kushuka mpaka kwenye do ambayo soprano wataifikia bila kupiga kelele na besi bila kunguruma. Kuanzia hapo kila zoezi likaanza vilevile: mtoto mmoja anatumwa mwembeni, anagonga mara moja, watu wote kimya, Mwalimu anashuka ngazi kwa sauti ya chini, la, so, fa, mi, re, do, kisha anagawa: sauti ya kwanza chukua so, ya pili mi, ya tatu do, na nyinyi wazee, do ya chini. Nyimbo zote alizotunga miaka ya 1980 zina ufunguo mmoja. Si kwa kupenda. Reli ilikuwa moja.

Reli hiyo iliibwa baadaye, ikaishia bila shaka kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwalimu anasema mlio wake bado anao kichwani. Nilimwomba auimbe, akauimba. Kijana mmoja akaujaribu kwenye kinanda na kukuta umepungua kidogo kuliko la ya kinanda. Mwalimu akamwambia kinanda ndicho kilichozidi.

Na besi alizifundishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Anayelima tumbaku ya mvuke anajua: majani yakishaingia bani, moto haulali, mchana na usiku, siku kadhaa mfululizo, na lazima awepo mtu wa kusukuma kuni na kuangalia joto. Wanaume hawakuweza kufika mazoezini msimu huo. Basi Mwalimu akawafuata, bani moja baada ya jingine, na kaunta buku kwapani. Walijifunza sauti ya nne wakiwa wamekaa juu ya magogo, macho yakitoka machozi kwa moshi. Anadai moshi ulikuwa ukiwasaidia kushuka chini zaidi. Wataalamu wa sauti watabishana naye, mimi sibishani.

Ukiligeuza kaunta buku na kulifungua kwa nyuma, unakuta majina.

Kuna safu tatu. Ya kwanza ni jina, ya pili ni sauti. Ya tatu haina kichwa cha habari, na ndiyo niliyoshindwa kuiacha. Humo ameandika mahali alikokwenda kila aliyetoka kwenye kwaya. Mishamo, Mishamo, Mishamo, ukurasa mzima. Hao ni wa mwishoni mwa miaka ya 1970, maji na ardhi ya Ulyankulu ilipoonekana haitoshi na maelfu wakapakiwa kwenye malori kupelekwa makazi mapya. Mwalimu aliyemfundisha alikuwa mmoja wao. Alimwachia kitabu akiwa kijana wa miaka 16, kwa sababu ndiye pekee aliyebaki anayeweza kusoma solfa. Kisha miaka mingi ya majina yaliyotulia, mmoja mmoja kwenda Urambo, Tabora, au kaburini. Halafu kurasa zinachafuka tena: Makamba, Rumonge, Makamba, Makamba. Hakuna jina lililokatwa.

Makamba, kule Burundi, ni ya 2008 na 2009. Serikali ilikuwa imewapa watu wa 1972 uchaguzi: kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi, karibu wanne katika kila watano, waliomba uraia. Kwa takwimu za taifa, hilo ni jambo la kujivunia. Kwa kwaya lilikuwa pigo la ajabu, na hapa Mwalimu alinieleza jambo ambalo sijalisoma kwenye ripoti yoyote. Waliozaliwa Ulyankulu walibaki. Walioondoka ni wazee, waliokumbuka mlima wao, mgomba wao, mpaka wa shamba la baba. Na wazee ndio besi. Kwa muda wa miezi michache kwaya ilikatwa miguu: soprano wapo, alto wapo, sauti ya tatu wawili watatu, chini hakuna kitu. Aliimba besi yeye mwenyewe huku akiongoza kwa mkono, na akawachukua wavulana wanaobalehe, sauti zikiwavunjikavunjika, akawapeleka mabanini.

Baadhi ya wazee wale walikuta mashamba yao yanalimwa na watu wengine. Mmoja, rafiki yake, alikimbia tena mwaka 2015 Burundi ilipochafuka, akapokewa Kigoma kama mkimbizi mpya. Wenzake aliowaacha Ulyankulu walikuwa tayari raia. Kwenye safu ya tatu ameandikiwa sehemu mbili: Makamba, na chini yake, kwa wino tofauti, kambi ya Nduta.

Lakini waliobaki nao hawakubaki kwa raha. Maombi zaidi ya 162,000 yalikubaliwa kufikia 2010, ila cheti kilifungwa na sharti: wahame makazini, watawanywe mikoani, ndipo wawe raia kamili. Miaka ikapita mpango ukisuasua. Kipindi hicho, Mwalimu anasema, ndicho kilichomjaribu kuliko mtumbwi. Mtu hakujua apande mwembe au asipande. Nyumba zilivuja na wenyewe wakatazama tu, nani aezeke nyumba atakayoiacha?

Yeye akataka kanisa liezekwe. Mwaka 2012, katikati ya hali hiyo, akasimama mbele ya wazee wa kanisa na kuomba fedha za mavuno zinunue bati. Mzee mmoja akamuuliza kama amepungukiwa akili. Akajibu kwamba nota hazisomeki zikilowa. Walibishana majuma kadhaa, kwa maneno makali ambayo mpaka leo hayajasahauliwa na wote, na uamuzi wa kununua bati ukapita kwa tofauti ya kura chache. Nilimuuliza alijuaje kwamba hawatahamishwa. Hakujua, alisema. Alikuwa ameshaamua kwamba hata wakihamishwa, watakaokuja watahitaji mahali pa kuimbia pasipovuja. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi na bado sijui kama ni imani au ukaidi. Labda mkewe, ambaye siku zile alikuwa akikinga maji ya mvua kwa sufuria nyumbani kwao, ana jibu lake.

Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, bila watu kutawanywa. Hapo ndipo nikamrudisha kwenye swali langu: Mwalimu, mbona bado mnaimba kwamba hapa si kwenu?

Kwanza alinipa jibu la mimbarini. Mkristo ni mpitaji popote alipo, awe na cheti au asiwe nacho. Nikamwambia jibu hilo nalijua. Akanyamaza, akafunga kitabu.

"Mwanangu," akasema, "wazee walipouimba wimbo huo mwaka 1975 walikuwa wanaimba Burundi. Kila mtu alijua. Hata afisa wa makazi aliyekuwa anatoa vibali vya kutoka alijua."

Na sasa? Sasa, alisema, yeye mwenyewe hajui akiuimba anaiona nchi gani. Mbinguni anaamini kupo. Lakini picha inayomjia akifumba macho si malango ya lulu. Ni ziwa.

Wasichana wa sauti ya kwanza walikuwa wanatusikiliza. Mmoja, aliyezaliwa hapohapo na hajawahi kuvuka mpaka wowote, alisema kwake ni wimbo tu, tena mzuri. Mwenzake akamkatiza. Alikuwa amekwenda ofisi moja kuomba hati, akiwa na kitambulisho chake mkononi, na karani akamuuliza babu yake alizaliwa wapi. Siku hiyo akirudi kwenye bodaboda, alisema, ule wimbo ulimjia wenyewe. Hawakukubaliana, na Mwalimu hakuwaamulia. Mimi pia sina la kuwaamulia. Karani yule bado yupo dirishani kwake, na wajukuu watakwenda wengine.

Kuna wimbo mmoja kwenye kaunta buku ambao haujakamilika. Aliuanza juma lile la vyeti, uwe wimbo wa shukrani kwa kupewa nyumbani. Sauti ya kwanza imeandikwa yote, ya pili yote, ya tatu mpaka katikati ya ubeti wa pili. Mstari wa nne ni mtupu. Anasema maneno ya ubeti wa pili yalimkwama: kila alipotaka kuandika kwamba amefika, alikumbuka walioko Makamba, akaona anawafungia mlango. Na zaidi ya hayo, besi za kuuimba hana. Wale wavulana aliowafundisha mabanini wamekua, na mmoja mmoja wamekwenda Kahama kutafuta dhahabu au Dar es Salaam kutafuta chochote. Hakuna lori lililowachukua, hakuna ofisi iliyowaandikia barua. Wana vitambulisho, wanakwenda wanakotaka. Safu ya tatu imejaa tena.

Nilimuuliza kama ataumalizia wimbo ule. Akasema kwanza apate besi wawili kabla ya Jumapili ya mavuno, maana yule wa mwisho aliyebaki ana kikohozi, mengine tutayaona baadaye. Kisha akaniuliza sauti yangu ni ipi.